Maswali ya Wasomaji: Kulala Kando ya Mto kwa Safari ya Mitumbwi

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni marafiki sita tunaotaka kuteremka mto kwa mitumbwi mitatu, tulale kambini usiku mmoja na kumaliza safari siku ya pili. Wawili kati yetu hawajui kuogelea, na hakuna aliyewahi kupiga kafi mtoni. Mwenzetu mmoja anataka tuende kilomita 40 kwa siku ili tuone mengi. Je, inawezekana? Na hao wawili tuwaache nyumbani? – Msomaji mwenye hamu ya safari

JIBU: Ndugu msomaji, hizo kilomita 40 zifuteni kabisa. Mtumbwi wenye watu wawili na mizigo, ukiendeshwa na wasio na mazoea, huenda takriban kilomita 4 au 5 kwa saa kwenye maji tulivu. Mkondo utawasaidia kidogo, lakini upepo wa mbele, chakula cha mchana, na kushuka nchi kavu kukagua sehemu yenye mawe kabla ya kuipita vitawarudisha nyuma, hata mjikute mnatafuta mahali pa kulala gizani, mikono imechoka na kila mtu amekasirika. Kilomita 15 siku ya kwanza zinatosha. Pangeni kufika kambini saa 2 au 3 kabla ya jua kuzama.

Mto wenyewe uwe mpole. Kipimo cha kimataifa hugawa ugumu wa mikondo katika madaraja 6, la kwanza likiwa jepesi kuliko yote, na kundi lenu lisivuke hilo la kwanza. Waulizeni pia watu wanaoutumia mto huo kila siku kuhusu mabwawa, maporomoko na wanyama; penye mamba au viboko, msiende peke yenu.

Kuhusu wenzenu wasiojua kuogelea, sioni sababu ya kuwaacha, mradi masharti yafuatwe bila kubembelezana. Kila mtu, pamoja na waogeleaji hodari, avae jaketi la kuokoa maisha tangu anapoingia mtumbwini hadi anapotoka. Likaguliwe kwa kulivuta juu mabegani baada ya kufunga kamba zote: likipanda hadi kwenye masikio, ni kubwa mno au halijakazwa. Wawili hao wasipande mtumbwi mmoja. Kabla ya siku ya safari, nyote mjipindue kwa makusudi kwenye maji matulivu yasiyo na kina kirefu, ili kila mmoja ajue jaketi linavyombeba. Atakayesema baada ya zoezi hilo kwamba haendi, aheshimiwe. Rafiki anayepanda mtumbwi kwa kuona haya tu huwa na hofu inayoweza kuwapindua wote wawili.

Ikitokea mmepinduka kwenye mkondo wa kasi, laleni chali, miguu mbele kuelekea maji yanakokwenda, vidole vikiwa juu ya maji. Msijaribu kusimama pale maji ya kasi yanapopita magoti, kwa sababu mguu ukinasa kati ya mawe, mkondo humlaza mtu kifudifudi na kumkandamiza hapo. Mtumbwi uliopinduka uwe mbele yenu, upande maji yanakokwenda, kamwe msikae kati yake na jiwe: lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo mtumbwi uliojaa huwa na mamia ya kilo.

Ninachokiogopa zaidi mtoni ni mti ulioanguka. Maji hupenya katikati ya matawi yake, lakini mtu hunasa. Mara nyingi utaugundua kwa kijitawi kinachochungulia juu ya maji na kutikisika ilhali hakuna upepo. Ukikiona, anza kukaa mbali nacho mapema, ungali na nafasi ya kugeuza.

Mizigo mizito ikae chini, katikati ya mtumbwi, na yote ifungwe kwa kamba. Nguo za kulalia ziwekwe katika mfuko usiopitisha maji ambao hautafunguliwa hadi kambini. Chukueni kafi moja la akiba kwa kila mtumbwi na kopo la kutolea maji yanayoingia mtumbwini.

SWALI: Ndugu Mhariri, tulipolala kando ya mto, tuliamka tukakuta maji yamefika mlangoni mwa hema, ingawa pale tulipokuwa mvua haikunyesha hata tone. Tungejuaje? – Msomaji aliyelowa

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana. Mvua iliyonyesha mbali, kwenye vijito vinavyolisha mto, hufika baadaye ikiwa maji mengi, na bwawa lililo juu yenu likifunguliwa hali huwa hiyohiyo. Kabla ya kusimika hema, tazameni vichaka vya ukingoni: nyasi kavu, majani na takataka zilizonasa kwenye matawi huonyesha maji yalipofika siku za karibuni. Hema liwe juu ya mstari huo, na mchanga mzuri ulio karibu na maji uachwe hata kama unavutia.

Mitumbwi nayo ipandishwe juu, igeuzwe kifudifudi na kufungwa kwenye mti imara, kwani ikichukuliwa na maji mtabaki bila njia ya kuondoka. Choo kichimbwe umbali wa mita 60 hivi kutoka mtoni. Maji ya kunywa yachemke kwa nguvu kwa dakika 1, au dakika 3 mkiwa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari.

Jioni, chomekeni kijiti pale maji yanapogusa nchi kavu, na kila anayeamka usiku akimulike kwa tochi. Kijiti kikionekana kimezungukwa na maji, waamsheni wote mhamie juu zaidi mara moja, hata ikiwa ni saa 8 za usiku.