Anko Anajibu: Wiki moja Mikindani na watoto, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo anko. Mimi nina watoto watatu, mkubwa ana miaka 13, mdogo 6. Likizo ya mwezi wa sita nataka niwapeleke kwa bibi yao Mikindani kule Mtwara wiki moja maana hapa Mbagala wanashinda kwenye simu tu. Nataka wapande boti, wamjengee bibi bustani ya mboga, na watembee porini wajue miti. Nimeshapanga, Jumatatu na Jumanne boti, katikati matembezi, mwisho bustani. Mama anasema ratiba yangu ya kizungu. Naomba ushauri. Mama Watatu, Dar.

JIBU: Marahaba mama. Bibi yuko sahihi bwana, na nitakwambia kwanini. Kule kwetu siku ya boti haipangwi na Jumatatu, inapangwa na mwezi. Kabla hujakata tiketi ya basi toka nje usiku uangalie juu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, siku hizo na mbili tatu zinazofuata ni bamvua, maji yanakupwa mbali sana kama saa nne saa tano asubuhi, yani mnaamka mnajiandaa mnakuta mtumbwi umelala kwenye tope na nahodha kakaa pembeni anakunywa chai. Yatarudi kujaa saa kumi jioni, lakini mwezi wa sita ni kusi hiyo, jioni upepo ushapanda, na mtoto wa miaka 6 akitapika mara moja tu boti kwake imekwisha mpaka aoe.

Mwezi ukiwa nusu ndio maji mafu. Hapo maji hayatoki sana wala hayajai sana, na yanakuwa juu asubuhi ile ile ya saa nne, upepo bado mdogo, ghuba ya Mikindani imetulia. Hizo ndio siku zako za boti. Toka bamvua mpaka maji mafu ni kama wiki moja, kwahiyo mkifika kwenye bamvua siku za mwanzo ni za kutembea ufukweni na za mwisho ni za majini, mkifika maji mafu mnageuza. Siku za bamvua wala hamjakosa kitu, muombe bibi awaunganishe na kina mama wanaokwenda kuchokoa pweza, watoto wavae viatu (sio ndala, ndala zinabaki kwenye tope) na wapite kwenye mikoko waone ile mizizi iliyochomoza juu kuvuta hewa. Sharti langu la majini ni moja, kila mtoto na jaketi okozi linalomkaa, na kama nahodha hana, azima mjini kabla hujashuka pwani. Akikwambia "hapa kina kifupi tu" muage kwa heshima. Na Ruvuma kwa mtumbwi na watoto, hapana, kule kuna viboko na mamba, wataiona ukubwani.

Bustani sasa. Wewe umeiweka mwisho, mimi naiweka siku ya kwanza mchana mkishapumzika safari. Sababu mchicha unaota ndani ya siku nne tano hivi, mkipanda siku ya kwanza watoto wataona vijani vimetoka kabla hawajaondoka, mkipanda mwisho wanaondoka na kumbukumbu ya kuchimba tu. Halafu jiulize nani atamwagilia mkishaondoka? Bibi na mgongo wake. Kwahiyo achana na matuta marefu, mjengee bustani ya gunia. Gunia tupu la mkaa au la salfeti, udongo wa pale una mchanga mwingi kwahiyo changanya na samadi ya mbuzi iliyooza kabisa. Chukua kopo la rangi la lita 4 mlikate juu na chini libaki wazi kama bomba, lisimamishe katikati ya gunia, lijaze kokoto, jaza udongo kulizunguka, kisha livute juu kidogo, jaza tena kokoto, jaza udongo, hivyo hivyo mpaka juu. Mwisho kopo linatoka na katikati inabaki nguzo ya mawe, bibi akimwaga maji pale juu yanashuka mpaka chini bila kuosha udongo. Ubavuni toboa matundu mchomeke vipande vya matembele, juu mwagieni mchicha. Mkubwa wako wa miaka 13 anaweza hii kazi yote mwenyewe, mama usimshike mkono. Na zungushieni wavu mkuukuu, kuku wa Mikindani hawana adabu.

Matembezi, nendeni asubuhi na mwenyeji. Kupanda kilima nyuma ya Boma, lile la Wajerumani la mwaka 1895, kunatosha kwa miguu midogo. Kwenye mikorosho kuweni makini, mwezi wa sita ni msimu wa kupuliza salfa kuua ubwiriubwiri, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, mkisikia mashine inanguruma badilisheni njia, ule unga unachoma macho. Kiangazi pia upupu unakauka, mtoto asiguse ganda lolote lenye manyoya. Na mkipata mtu wa kuwaonyesha kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini, msikatae, wachimbe, wachemshe, wale na chumvi na pilipili, hapo wamesoma pori kuliko kuonyeshwa miti hamsini.

SWALI: Anko, mimi ni mwalimu Lindi, nataka kuwapeleka wanafunzi kilima cha Tendaguru kuona mifupa ya dinosaria. Ipo?

JIBU: Mwalimu, mifupa mikubwa ilichimbwa 1909 mpaka 1913, babu zetu wakaibeba kwa miguu siku nne mpaka bandari ya Lindi, sasa hivi iko Berlin, na kiunzi cha dinosaria mmoja kimesimamishwa mle makumbusho kina kama mita 13 kwenda juu. Kilimani mtakuta pori na historia. Waambie wanafunzi mapema kabla ya kupanda gari, wasije wakakuzomea, na mwende kiangazi maana mvua zikianza ile barabara haipitiki. Uwanjani shuleni wapimie hizo mita 13 kwa kamba kwanza.