Mali Iko Nairobi, Mwenyewe Yuko Majuu: Maswali na Majibu

Maswali ya safari hii yametoka Houston, Birmingham, Doha na kwingineko, na yote yanazunguka jambo moja: nyumba au ploti iko Nairobi, mwenyewe hayupo, naye anataka kuuza. Nimeyafupisha. Kabla sijajibu, niseme ninaloliamini baada ya miaka mingi katika kazi hii ya uwakili. Anayepoteza mali akiwa ughaibuni kwa kawaida ni yule aliyemkabidhi mtu mmoja hati miliki, sahihi na akaunti ya kupokelea pesa, vyote vitatu kwa pamoja. Vitenganishe hivyo vitatu, mengine yanarekebishika.

Wakili, nina nyumba Buruburu. Kaka yangu ndiye anayekaa na hati miliki, na sasa anataka nimtumie hati ya uwakilishi auze kwa niaba yangu. Kazini sipati ruhusa ya kusafiri. Ni lazima nimpe? (Dada, Houston)

Si lazima, dada yangu. Mkataba wa mauzo na fomu ya kuhamisha umiliki unaweza kuzitia sahihi huko huko uliko, mbele ya afisa wa ubalozi wetu, naye athibitishe kwa muhuri kwamba aliyesaini ni wewe. Kisha unazituma kwa wakili wako Nairobi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inakubali nyaraka zilizosainiwa nje ya nchi mradi ziambatane na uthibitisho huo. Kaka anabaki na kazi anazoweza kuzifanya vizuri: kuwaonyesha wanunuzi nyumba, kuzungumza na mpangaji, kufuatilia risiti za ada za kaunti na kodi ya ardhi. Kwa hayo yote hahitaji sahihi yako.

Ukiona bado unamhitaji mwakilishi wa kusaini, basi hati iandikwe kwa kazi moja tu: nyumba hii, yenye namba hii, bei isiyopungua kiasi hiki, na malipo yaingie akaunti hii yenye jina lako. Ziogope hati za jumla zinazosema anaweza "kufanya lolote kuhusu mali zangu". Mwenye hati ya namna hiyo anaweza hata kuiweka nyumba rehani. Hati yenyewe haitambuliki kwenye ofisi ya ardhi mpaka isajiliwe, na kuifuta ni vivyo hivyo. Ukimwandikia kaka kwenye WhatsApp kwamba umemwondoa, kwa msajili bado ni mwakilishi wako hadi ufutaji huo nao usajiliwe.

La haraka zaidi ni hati miliki. Iondoke kwa kaka ihifadhiwe na wakili uliyemchagua mwenyewe, siyo wa mnunuzi na siyo rafiki wa kaka. Tovuti ya Chama cha Mawakili Kenya inakuonyesha kama ana leseni ya mwaka huu. Fungua pia akaunti yako mwenyewe kwenye Ardhisasa, mfumo wa kidijitali wa ardhi uliozinduliwa Aprili 2021 kwa kuanzia na Nairobi. Namba za viwanja vingi vya jiji zimebadilishwa tangu hapo, kwa hiyo usishtuke mnunuzi akikutajia namba isiyofanana na ile iliyo kwenye karatasi yako. Mwagize wakili afanye upekuzi rasmi wa rejista kabla hujatangaza bei.

Simsingizii kaka yako lolote. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari hilo linamlinda yeye pia siku ndugu wengine watakapouliza pesa zilikwenda wapi.

Nilinunua fleti Kileleshwa mwaka 2014 kwa milioni 9. Nimepata mtu wa milioni 14. KRA (Mamlaka ya Mapato Kenya) watachukua ngapi, na je, Uingereza nao watanidai? (Kaka, Birmingham)

Ushuru wa faida ya mtaji ni asilimia 15 ya faida. Ulirudishwa Januari 2015 kwa asilimia 5, ukapandishwa hadi 15 kuanzia Januari 2023, na wengi wa huko nje bado wanapiga hesabu kwa ile 5. Faida yako kwa juu juu ni milioni 5, hivyo ushuru ni 750,000. Lakini usilipe hizo kabla hujatoa gharama zako: ushuru wa stempu uliolipa ukinunua, ada za wakili za wakati ule na za sasa, kamisheni ya ajenti, na ukarabati ulioongeza thamani ya fleti. Kila gharama unayoitaja iwe na risiti. Nimewaona watu wakiweka jikoni jipya la mamilioni kwa mafundi wa kulipwa taslimu, halafu hawana hata karatasi moja ya kuonyesha.

Kuna msamaha kwa nyumba ambayo mwenyewe ameishi ndani yake mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuiuza. Wewe unaishi Birmingham, kwa hiyo haukuhusu. Ushuru wa stempu wa safari hii, asilimia 4 kwa mali ya mjini, ni mzigo wa mnunuzi. Asikusukumie.

Ukiwa mkaazi wa Uingereza, kwa kawaida unatakiwa kutangaza faida hii huko pia. Kenya na Uingereza zina mkataba wa kuzuia mtu kutozwa mara mbili, hivyo ulicholipa KRA huhesabiwa. Ila wao hupiga hesabu kwa pauni, kwa kiwango cha siku uliyonunua na siku uliyouza, kwa hiyo faida yao haitalingana na ya KRA. Mpe mhasibu wako risiti ya KRA mapema.

Baba alifariki, ameacha ploti Embakasi bado kwa jina lake. Sisi watoto tumekubaliana kuuza na mnunuzi ameshatoa arbuni. Tuendelee? (Kijana, Doha)

Pole kwa msiba. Hapana, msiendelee, na arbuni irudishwe.

Sheria ya urithi hairuhusu ardhi ya marehemu kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi wa mirathi, na kuigusa mali hiyo bila idhini ni kosa la jinai. Makubaliano yenu, hata mkiwa na sauti moja, hayachukui nafasi ya mahakama. Mnaanza na barua ya chifu inayowataja warithi wote, mnawasilisha ombi, tangazo linatoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, mnapewa hati, na kwa kawaida uthibitisho hufuata baada ya miezi sita.

Nakusihi kuhusu neno "wote". Mama yenu yumo. Dada zenu walioolewa wamo. Mtoto ambaye baba alimpata nje ya ndoa na kumtambua yumo. Familia nyingi huacha jina moja wakidhani wanaokoa muda, kisha mwenye jina hilo anajitokeza, hati inabatilishwa na mnunuzi anawageukia ninyi. Kwa vile uko Doha, ridhaa yako unaweza kuisaini ubalozini huko.

Nilichukua uraia wa Kanada miaka ya tisini. Shamba langu la Karen ni la umiliki wa milele. Bado ni langu? (Mzee, Toronto)

Ni lako mzee wangu, ila sura imebadilika. Wakati ule kuchukua uraia wa nchi nyingine kulikuondolea wa Kenya. Katiba ya 2010, kifungu cha 65, inampa asiye raia haki ya kukodi ardhi kwa miaka isiyozidi 99 tu, na umiliki wa milele wa watu kama wewe uligeuzwa kuwa wa muda huo. Katiba hiyo hiyo inamruhusu aliyezaliwa raia akaupoteza uraia kuuomba tena bila kuacha ule mwingine. Ningekushauri uuombe kwanza, ndipo uuze.

Nyumba ya South B ina jina langu peke yangu. Tumetengana na mke wangu, yeye yuko Kenya. Sahihi yake inahitajika? (Kaka, Stuttgart)

Ikiwa ndiyo nyumba ya ndoa, ndiyo. Kutengana si talaka, na ndoa ya kimila pia ni ndoa. Zungumza naye kabla hujamtafuta mnunuzi.

Pesa zikishalipwa, nitazitoaje Kenya? Binamu yangu anasema zipitie kwake. (Dada, Minneapolis)

Zisipitie kwake. Kenya iliondoa vizuizi vya kubadilisha na kuhamisha fedha za kigeni miaka ya tisini, kwa hiyo hakuna kibali cha serikali unachohitaji. Benki itataka kuona mkataba wa mauzo na risiti ya ushuru. Pesa zitoke kwa wakili wa mnunuzi ziende kwa wakili wako, kwa ahadi ya maandishi baina yao, kisha akaunti yako mwenyewe. Na kwa kuwa uko Marekani: jumla ya akaunti zako za nje ikizidi dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, unatakiwa kuziripoti kwa serikali ya huko, hata kama pesa zililala Nairobi wiki moja tu.