Altezza, super ya kawaida na mlima wa Mazeras

Kuna mlio ambao ukishausikia mara moja hutausahau. Ni kama mtu anatikisa punje za mahindi makavu ndani ya mkebe, nyuma ya ukuta. Mimi niliusikia nikitoka Mombasa, napanda Mazeras: watu wanne ndani, buti imejaa, AC inavuma, niko gia ya tano na mguu nimeukandamiza nipite lori. Ulidumu sekunde chache. Nikalegeza mguu, ukanyamaza, nikaendelea hadi Nairobi nikiamini yamekwisha.

Gari lenyewe ni Toyota Altezza RS200, ile ya gia sita za mkono. Nasisitiza RS200 kwa sababu wengi huziweka Altezza zote kapu moja. AS200 ina injini ya silinda sita, 1G-FE, mpole na mvumilivu. RS200 ina 3S-GE: silinda nne, lita mbili, haina turbo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini), na bado inatoa nguvu za farasi 210 kwenye resi 7,600, yaani mizunguko 7,600 kwa dakika. Nguvu hizo hazikuja bure. Kompresheni yake ni 11.5 kwa 1, yaani pistoni ikipanda inaibana hewa na petroli mpaka inabaki nafasi ndogo kuliko sehemu moja ya kumi na moja ya ile ya mwanzo.

Aliyewahi kupiga pampu ya baiskeli anajua jinsi inavyopata moto ukikaribia kumaliza. Ndani ya silinda ni hivyo hivyo, ila kwa ukali zaidi. Plagi huwasha kabla pistoni haijafika juu, na moto husambaa kama wa nyasi, kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ile petroli iliyo pembezoni, ambayo moto haujaifikia, huku nyuma inazidi kubanwa na kuchemka. Ikiwa oktani yake ni ndogo, haisubiri zamu yake. Inalipuka yenyewe, mawimbi ya mlipuko yanazipiga kuta za silinda, nawe unasikia mahindi ndani ya mkebe.

Kwa hiyo oktani si kipimo cha nguvu ya petroli wala cha usafi wake. Ni kipimo cha uvumilivu wake wa kubanwa bila kujilipua. Mwenye gari dogo la kawaida kama Vitz akilipia oktani ya juu injini haimpi farasi wa ziada. Mwenye RS200 akiikosa, injini yake inaumia.

Na haya hayakuwa siri. Ndani ya kifuniko cha tangi kuna karatasi yenye maandishi ya Kijapani, na niliiona kila nilipojaza mafuta kwa miaka miwili. Siku nilipoielekezea kamera ya simu inayotafsiri, ilisema: petroli ya daraja la juu isiyo na risasi. Kiwango cha Japani kinataka regula iwe na oktani 89 au zaidi, na ile ya juu, wenyewe wanaiita haioku, ianzie 96. Makampuni mengi ya huko yameiuza kama 100. Taimingi ya injini hii, yaani wakati wa plagi kuwasha, ilipangwa kwa mafuta hayo, si kwa super tunayojaza kila siku.

Hapo kuna mtego wa pili ulioninasa. Nilikuwa nimesoma ushauri wa Wamarekani kwamba gari la namna hii linatosheka na 91, nikajiambia kama ni 91 tu, sisi na super yetu tuko salama. Lakini namba ya kwenye pampu za Marekani ni wastani wa vipimo viwili vya oktani, RON na MON iliyo ndogo zaidi. Japani na huku kwetu tunataja RON peke yake. Hiyo 91 yao ukiigeuza kwa RON inakuwa kama 95 au 96. Usilinganishe namba kabla hujajua imepimwaje.

Sasa, mbona miaka miwili Nairobi haikulia? Hili ndilo ningependa kila mwenye gari la kompresheni kubwa alishike. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na shinikizo la hewa yake limepungua kama moja ya tano ukilinganisha na Pwani. Silinda inavuta hewa nyepesi, kwa hiyo hata ikibanwa vile vile, shinikizo la mwisho ni dogo. Mwinuko ulikuwa unanisitiri. Nilipoteremka Mombasa, hewa ikawa nzito, joto likapanda, na petroli ikabaki ya daraja lile lile. Wiki nzima niliendesha kwa nguvu huku madirisha yamefungwa na muziki uko juu. Mazeras ni pale tu niliposikia.

Niliporudi, gari likaanza kutetemeka likiwa limesimama. Fundi wangu, mzee aliyeanza kazi enzi za kabureta, akatoa plagi zote na kuzipanga juu ya kitambaa. Tatu zilikuwa za kawaida. Ya nne, kauri yake nyeupe ilikuwa na vitone vya kijivu, vidogo kama chumvi. "Hii ni pistoni, kijana wangu," akasema. "Inaanza kumenyeka." Kompresheni ya silinda hiyo ilikuwa imeshuka. Alipofungua, ule ukuta mwembamba kati ya ringi ya kwanza na ya pili ulikuwa umevunjika. Nilizunguka maduka ya Grogan, Nairobi, wiki mbili kutafuta vipuri.

Nilimuuliza kuhusu sensa, maana injini hii inayo sensa ya kusikiliza kugonga huko. Inafanya kazi: ikisikia, kompyuta inachelewesha taimingi. Nguvu inapungua, ulaji wa mafuta unapanda, nawe unadhani gari limezeeka. Lakini kuchelewesha kuna kikomo, na sensa husikia baada ya kugonga kutokea. Masikio yako yanapousikia mlio, mara nyingi sensa imeshajaribu na kushindwa.

Kwa hiyo, ukilazimika kujaza oktani ya chini, jaza kiasi cha kukufikisha penye bora, na uendeshe kwa adabu. Kinachoua si resi za juu peke yake. Ni mzigo mzito kwenye resi za chini: gia kubwa, mlima, mguu chini. Shusha gia mapema. Zima AC mlimani. Angalia maji ya rejeta, kwa kuwa injini yenye joto hugonga upesi zaidi. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa ni balaa kubwa zaidi, kwani mafuta ya taa huiporomosha oktani. Ushuru wa shilingi 18 kwa lita uliowekwa mwaka 2018 kwa mafuta ya taa ulilenga tabia hiyo hiyo. Kwenye kituo chenye bei ya ajabu mimi sisimami.

Vichupa vya kuongeza oktani nimeviacha. Maandishi yake yanaahidi kupanda "pointi" kadhaa, na mara nyingi pointi moja ni sehemu moja ya kumi ya oktani.

Wenye turbo, Subaru Impreza STI na wenzake, msijifariji na mwinuko kama nilivyofanya mimi. Turbo inaweza kuirudishia injini ile hewa ambayo Nairobi imeipunguza. Kwenu, kama oktani ya juu haipatikani kila mara, lipelekeni gari kwa mtaalamu wa kompyuta apange upya taimingi na busti (shinikizo la hewa ya turbo) kwa mafuta mnayoyapata kweli. Mimi sasa kabla ya safari ya Pwani najaza daraja la juu kabisa ninalolipata, na nikirudi, Mazeras naipanda gia ya tatu, madirisha wazi, redio imezimwa.