Kabla Hujanunua Fulana ya Mateka wa Vita

Huku Texas, Siku ya Maveterani ya 11 Novemba ikikaribia, fulana za kijeshi hujaa madukani, gulioni na hata kwenye simu yako. Nyingi ni nyeusi na zina alama ya mateka wa vita na waliopotea: kichwa cha mwanamume aliyeinama, mnara wa mlinzi na waya wa seng'enge. Kwa kuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee yenye maveterani wengi wa Vietnam, Wabongo wenzangu huniuliza wanunue ipi. Nami huwauliza pesa yao inakwenda wapi.

Maana alama ile si ushahidi wa chochote. Newt Heisley aliichora mwaka 1971, baada ya Mary Hoff, ambaye mume wake rubani alikuwa amepotea vitani, kutaka familia kama yake zipate bendera. Haikuwekewa hakimiliki. Yeyote mwenye mashine anaweza kuichapa, akauza na kula peke yake, maadamu hajadai kwamba anachangia.

Basi soma maandishi madogo. "Sehemu ya mapato huwaendea maveterani", bila jina la shirika wala kiasi? Ruka. "Asilimia 10 ya faida"? Fulana ya dola 30 ikimwachia muuzaji faida ya dola 8, mchango wako ni senti 80. Mimi nataka jina la shirika, kisha naliangalia kwenye tovuti ya IRS, mamlaka ya kodi. Fomu namba 990, ripoti ya fedha ya shirika ya kila mwaka, utaisoma bure, nayo inaonyesha kilichoingia, wakubwa wanalipwaje na kilichotumika kwenye huduma. Halafu nawaandikia wenyewe kuwauliza kama wanamjua huyo muuzaji. Kuna mmoja gulioni aliniambia ataamua mwisho wa mwaka ampe nani. Nikamtakia biashara njema.

Ukitaka kitu chenye historia, tafuta bangili. Mwaka 1970 wanafunzi wa Los Angeles, chini ya kikundi cha VIVA, walianza kuuza bangili za chuma kwa dola 2.50, kila moja ikiwa na jina la askari aliyetekwa au kupotea, cheo chake na tarehe. Uliivaa mpaka arudi, kisha unampa mwenyewe. Zilisambazwa karibu milioni 5. Mwaka 1973 mateka 591 walirudi kutoka Vietnam, na baadhi yao walipokea bangili kwa posta kutoka kwa watu wasiowajua kabisa. Fulana gani imewahi kufanya hivyo?

Usivae fulana iliyoandikwa "Vietnam Veteran" kama hukwenda vitani. Si kosa la jinai, lakini babu atakusimamisha dukani akuulize ulikuwa kikosi gani, na hapo utajibu nini?

Halafu kuna zawadi za kutuma nyumbani Afrika Mashariki. Nguo za mabaka mabaka huku ni fasheni tu. Tanzania, Kenya na Uganda raia akizivaa anajitafutia kesi. Agosti 2023 JWTZ, jeshi la Tanzania, ilitoa siku saba raia wazisalimishe. Kabla ya kufunga boksi la mjomba, zitoe zote, kofia pia, hata kama shirika lililoziuza ni safi. Mwekee shati la kawaida, na hela ya mchango itume moja kwa moja kwa shirika ulilolikagua.