Goti la mama: asiache kutembea
Umeuliza kama mama wa miaka 70 apumzike kabisa kwa sababu ya goti linalouma. Hapana, akikaa tu misuli ya paja inalegea na goti linazidi kuelemewa. Katika umri huo chanzo mara nyingi ni gegedu, yaani tishu laini inayofunika ncha za mifupa, kulika. Akae kwenye kiti, anyooshe mguu, ashikilie sekunde 5, ashushe polepole. Mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Fimbo ishikwe mkono wa upande wa goti zima, wengi hukosea hapo. Aanze na jeli ya kupaka ya diklofenaki, dawa ya maumivu. Vidonge vya diklofenaki vinaweza kudhuru tumbo na figo, hasa mwenye presha. Goti likivimba ghafla, likawa la moto na homa juu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.