Uliza Fundi: Iventi ipo, imewashwa, mbona faini haziingii?

SWALI: Habari fundi, naomba msaada. Nimetengeneza mfumo wa saccos yetu, natumia databezi ya MySQL 8, kuna iventi (kazi inayojiendesha yenyewe kwa ratiba) inaitwa faini_usiku, kazi yake kila usiku inapitia mikopo iliyochelewa na kuweka faini. Kwenye laptop ilikuwa inapiga kazi vizuri tu. Tumehamia seva ya kukodi, iventi naiona ipo, imeandikwa ENABLED, hata LAST_EXECUTED (muda iliokimbia mara ya mwisho) inabadilika kila siku, ila tebo ya faini haina kitu na sioni eroo yoyote. Kodi ile ile nikiiendesha kwa mkono inakubali. Shida nini? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Ndugu yangu, hapo kwenye LAST_EXECUTED ndo umenirahisishia kazi. Ingekuwa haibadiliki ningekwambia skedula, yaani ile sehemu ya databezi inayoanzisha iventi, imezimwa, na hilo linawakuta wengi wanaotumia XAMPP (kifurushi cha kuweka seva kwenye laptop) maana mle ndani kuna MariaDB, ndugu yake MySQL, na yenyewe inakuja skedula ikiwa OFF, ukiiwasha kwa SET GLOBAL halafu seva ikazimwa na kuwashwa inarudi OFF, mpaka uandike event_scheduler=ON chini ya [mysqld] kwenye faili la mipangilio. Yako imewashwa, MySQL 8 inakuja nayo ON. Ila LAST_EXECUTED inakuambia iventi imeanzishwa saa ngapi, haikuambii kama imemaliza salama, na watu wanadanganyika sana hapa.

Eroo ipo, ila haikufikii. Iventi inajiendesha yenyewe kule nyuma, hakuna skrini ya kuonyesha kitu, kwa hiyo malalamiko yake yote yanaandikwa kwenye logi ya eroo ya seva. Kwa Ubuntu fungua /var/log/mysql/error.log utafute mistari yenye "Event Scheduler". Kwa dalili zako nategemea utakuta imemalizia na "failed to authenticate the user".

Ukiikuta hiyo basi shida ni DEFINER, yaani yule yuza ambaye iventi inaendeshwa kwa jina lake. Ulipohamisha databezi jina la yuza wa kwenye laptop limesafiri na iventi, kumbe kule kwenye seva huyo mtu hayupo. Na angalia pande zote mbili za jina, yuza na mashine anayotokea, 'mfumo'@'localhost' na 'mfumo'@'%' kwa MySQL ni watu wawili tofauti kabisa. Linganisha hizi mbili:

SELECT EVENT_NAME, DEFINER, TIME_ZONE FROM information_schema.EVENTS;
SELECT user, host FROM mysql.user;

Kisha rekebisha, ukiweka yuza aliyepo kweli:

ALTER DEFINER='mfumo'@'localhost' EVENT faini_usiku ENABLE;

Huyo yuza awe na ruhusa ya EVENT kwenye databezi hiyo, pamoja na ruhusa za tebo anazozigusa tu. Tafadhali usiweke root, yule yuza mkuu mwenye ruhusa zote, ili mambo yaishe haraka, hizo ni hela za wanachama.

Halafu usiishie hapo. Tengeneza tebo ya logi yako mwenyewe, ndani ya iventi weka DECLARE EXIT HANDLER FOR SQLEXCEPTION (mstari wa kudaka eroo), ikitokea eroo ichukue kwanza ujumbe wake kwa GET DIAGNOSTICS, ifanye ROLLBACK yaani ifute ilichoanza kuandika, kisha iandike tarehe na ujumbe huo, na ikimaliza vizuri pia iandike. Siku ukikuta mstari haupo kabisa unajua usiku huo haikukimbia au ilikwama kabla haijaanza. Na zile siku zilizopita iventi haizirudii, lazima mkae na kamati mwamue, kwa sababu mwanachama kuamka asubuhi na faini za wiki nzima kwa mkupuo wakati kosa ni la mfumo si haki hata kidogo.

SWALI: Iventi yangu nimeiwekea saa sita usiku lakini inakimbia saa tisa, kwa nini? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Seva yako ipo kwenye UTC, saa za kimataifa, na sisi tuko masaa matatu mbele. Iventi inashika saa za seshen (muunganisho wako na databezi) iliyoitengeneza, kwa hiyo kubadilisha saa za seshen peke yake hakusaidii kitu, lazima ratiba yenyewe iandikwe upya kwenye seshen hiyo hiyo:

SET time_zone='+03:00';
ALTER EVENT ripoti_usiku ON SCHEDULE EVERY 1 DAY STARTS '...';

Kwenye STARTS weka tarehe ya kesho na 00:00:00. Ukiandika 'Africa/Nairobi' badala ya +03:00 inaweza kukataa kama tebo za saa za maeneo ya dunia hazijapakiwa, na kwa kuwa kwetu saa hazisogezwi mbele na nyuma kama Ulaya, +03:00 inatosha mwaka mzima. Ila angalizo, ukifanya ALTER bila kutaja DEFINER wewe uliyeiandika ndo unakuwa definer, kwa hiyo usiifanye kwa akaunti ambayo kesho itafutwa.