Nyanya za uani na afisa ugani

Dada, hayo mabaka meupe kwenye majani ya nyanya zako, pamoja na vitundu karibu na kikonyo cha tunda, nahisi ni kantangaze, yaani kiwavi anayetoboa majani na matunda ya nyanya. Kabla hujakimbilia duka la pembejeo (muuzaji naye anataka kuuza), nenda ofisi ya kata umuulizie afisa ugani, yule mtaalamu wa serikali anayeshauri wakulima. Wengi hudhani ni wa wenye mashamba makubwa tu; hapana, hata wenye ndoo sita uani ni wateja wake. Chuma majani mawili matatu yaliyoathirika, uyafunge kwenye gazeti, maana kwenye nailoni yatatota. Mimi wa kwetu nilimkosa mara mbili, yuko shambani. Nikaacha namba kwa mtendaji, akanipigia mwenyewe. Ukiwa Arusha, Tengeru kuna watafiti wa mboga kabisa.